Nani Aliiandika Ufipa?

Mwaka 1880 kijana wa Kiskoti aliyekuwa na umri wa miaka 22 alifika kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa, akalitazama ziwa lililolala bondeni, kisha akalibandika jina la kifalme la Ulaya: Leopold. Huyu alikuwa Joseph Thomson. Msafara ulimwangukia mikononi baada ya mkuu wake, Keith Johnston, kufariki Behobeho mwaka uliotangulia. Hakuwa mjinga. Wenyeji walishamtajia jina la ziwa, naye akaliandika kwa kadiri sikio lake lilivyolidaka. Hata hivyo kitabu chake kilipotoka London mwaka 1881, Rukwa ilisomeka Leopold, na kwa miaka kadhaa ramani za Ulaya zikaendelea kunakili hivyo hivyo. Mzee yeyote wa Muze au Ilemba angewasahihisha wachora ramani hao bila kuinuka kwenye kigoda chake. Hakuna aliyemwendea.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu ya vijana wetu wanaorudi Sumbawanga kutoka vyuoni na nakala za majalada ya kikoloni kwenye mikoba. Wamehangaika kuzipata: barua ya utambulisho, kibali, nauli ya Dar es Salaam, siku za kukaa kimya kwenye chumba cha kusomea cha Nyaraka za Taifa pale Upanga. Baada ya taabu yote hiyo, karatasi inapata utukufu. Ukimbishia kijana, anakuonyesha ukurasa: imeandikwa, mzee. Nami humuuliza maswali ambayo nadhani yangetangulia mengine yote darasani. Nani aliandika? Alikuwa anamwandikia nani? Alitaka apewe nini, au aepushwe na nini? Jalada ambalo maswali haya hayajajibiwa bado halijasomwa, hata kama limenakiliwa lote.

Tuendelee kidogo na Thomson. Aliyekuwa akiuongoza msafara wake njiani alikuwa Chuma, Myao, yule yule aliyemtumikia Livingstone. Livingstone aliondoka Unyanyembe Agosti 1872, akalifikia Ziwa Tanganyika Oktoba, akashuka kusini kupitia nchi ya Wafipa. Alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, Chuma, Susi na wenzao walirudi na mwili wake, wakapita tena katika nyanda hizi kuelekea Unyanyembe na hatimaye pwani. Kwa hiyo mwaka 1880 Chuma alikuwa anaikanyaga Ufipa kwa mara ya tatu, na bosi wake kwa mara ya kwanza. Nani kati yao alijua wapi kuna chakula na ni mtawala yupi wa kupelekewa zawadi kwanza? Thomson, kwa haki yake, anamsifu Chuma mara nyingi. Lakini katika maktaba za dunia kitabu kile kina mwandishi mmoja.

Hata maandishi ya Livingstone yana mikono mingi. Daftari zake za mwisho zilibebwa na watu hao hao hadi pwani, zikakabidhiwa Uingereza kwa rafiki yake Horace Waller, naye akazichapa mwaka 1874. Mwaka 1987 mwanahistoria Dorothy Helly alitoa kitabu kizima kuonyesha jinsi Waller alivyopunguza hapa na kulainisha pale, hata mpelelezi mwenye hasira zake akatoka mtakatifu. Mtafiti anayenukuu toleo la 1874 ananukuu watu wawili, na mmoja wao hakuwahi kuiona Ufipa. Kwa upande mwingine, Jacob Wainwright, Mwafrika aliyekombolewa utumwani akasomeshwa Nasik huko India, aliandika shajara yake mwenyewe ya safari ya kuurudisha mwili. Ilikaa miaka mingi bila kutazamwa sana. Sasa imewekwa mtandaoni tangu 2019, na mwanafunzi wa Namanyere mwenye simu anaweza kuisoma bila kibali cha mtu.

Lakini kama kuna hazina moja ambayo Ufipa inadaiwa kuijua, ni shajara za Mapadri Weupe. Shirika hilo lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Lavigerie, na moja ya amri zake ilikuwa kwamba kila kituo cha misheni kiwe na kitabu cha matukio ya kila siku. Mwaka 1885 mapadri walikabidhiwa kituo cha Karema, ambacho Wabelgiji wa jumuiya ya Mfalme Leopold walikianzisha mwaka 1879. Kutoka hapo walienea kando ya ziwa, Kirando na Kala, wakapanda hadi Zimba, Mwazye, Kate na Chala. Kila mahali walipojenga, kitabu kilifunguliwa. Kwa hiyo kuna vijiji vya Nkasi ambavyo habari zake za zaidi ya karne moja iliyopita zimeandikwa siku baada ya siku: mvua imenyesha au haikunyesha, mgonjwa gani kaletwa, mtawala gani kamtuma mjumbe, nafaka imenunuliwa kwa nini, simba kaua wapi. Sijui ni wilaya ngapi za Tanzania zinazoweza kujivunia hilo.

Tatizo ni kwamba shajara hizo ziliandikwa kwa Kifaransa, na wasomaji wake walikuwa ng'ambo. Nakala zilipelekwa makao makuu karibu na Algiers, vipande vikachaguliwa na kuchapwa ili wenzao wa vituo vingine wajifunze na wafadhili watiwe moyo. Sasa zinatunzwa Roma. Padri aliyekuwa akiandika jioni alijua kwamba mkubwa wake atasoma. Ugomvi wa mapadri wenyewe kwa wenyewe unaweza kuwa sentensi moja yenye adabu. Mtu mmoja aliyeongoka anaweza kupewa ukurasa. Ukikuta analalamika kwamba watu wamepoa, wanafunzi wa dini wametoroka, usikimbilie kuandika kwamba Wafipa wa Kate waliukataa ukristo mwaka huo. Tazama kwanza mwezi. Kama ni wakati wa kuvuna ulezi, au wa kulima matuta ya ntumba, basi watu walikuwa shambani, na kilichopoa ni subira ya padri. Mtafiti asiyeijua kalenda ya shamba la Ufipa atatoka na tasnifu nzuri sana yenye makosa.

Kathleen Smythe, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu familia za Kifipa na uinjilishaji wa Kikatoliki huko Nkansi, alifanya ninachotaka kifanywe na wetu. Alizisoma shajara, kisha akaja kuketi na wazee na kuwauliza. Ndipo jambo ambalo mapadri waliliona upande mmoja tu likageuka. Wao waliona watoto wakija kulala misheni, wakahesabu hiyo kuwa kazi ya Mungu, na pengine ni kweli. Wazee walieleza kwamba tangu zamani mtoto wa Kifipa akishaachishwa ziwa huhamia kwa bibi, na akikua kidogo hulala na rika lake katika nyumba yao. Mtoto kulelewa nje ya nyumba ya mama yake mzazi halikuwa jambo la kutisha. Bweni la misheni liliingia katika nafasi iliyokuwapo tayari. Shajara peke yake isingekwambia hivyo, kwa sababu aliyeandika hakujua kuna la kuuliza.

Pembeni ya shajara kuna vitabu vya ubatizo na ndoa. Hivi mara nyingi vilibaki parokiani, na thamani yake watu wa kawaida wanaijua kuliko maprofesa. Mstaafu anayetafuta uthibitisho wa mwaka wake wa kuzaliwa huenda parokiani. Familia inayogombea mirathi huenda parokiani. Kwa mtafiti, mistari ile ya majina, wazazi, wasimamizi na mahali pa asili ni historia ya nani alihamia wapi, nani alioa wapi, na nani alifika misheni bila mzazi wa kuandikwa. Tangu jimbo la Karema lilipogeuka kuwa jimbo la Sumbawanga mwaka 1969, na Mpanda kupewa jimbo lake mwaka 2000, ni busara kujiuliza kitabu kipi kiko wapi kabla hakijatafutwa kwa shida.

Nisipite bila kumtaja Adrien Atiman. Alitekwa utotoni huko Afrika Magharibi, akanunuliwa na mapadri jangwani, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Kumbukumbu za maisha yake zilichapwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Tunayo basi sauti ya Mwafrika kutoka ndani ya misheni yenyewe. Ila naye tumuulize maswali yale yale: aliandika akiwa mzee, ametumikia misheni maisha yake yote, na wasomaji wa jarida lile walikuwa zaidi maofisa na wazungu wasomi. Alichokinyamazia kina uzito pia.

Wajerumani nitawapitia haraka. Makao yao ya wilaya yalikuwa Kasanga, ambayo waliiita Bismarckburg, na waliyashikilia hadi mwaka 1916. Majalada ya serikali yao yaliyosalia yako Dar es Salaam, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Heshima kubwa, lakini mengi yameandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo husoma kwa kujifunza. Mpaka tuwe na Watanzania wachache wanaousoma, tutaendelea kusimuliwa yaliyomo.

Waingereza ndio walioacha karatasi zinazonukuliwa zaidi, hasa kile kitabu cha wilaya ambacho kila bwana shauri alikikuta mezani, akaongeza yake, akahamishwa. Humo mna sura za historia ya kabila, mila, ukoo wa watawala. Vijana hupenda sura hizo kwa kuwa zinaonekana kama mtu ameketi akatuandikia historia bila sababu nyingine. Sababu ilikuwapo. Gavana Donald Cameron alifika mwaka 1925 na siasa ya kutawala kupitia wakuu wa jadi, na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ikatoka mwaka 1926. Serikali ilihitaji kujua mtawala halali ni nani ili impe mamlaka, mshahara na kazi ya kukusanya kodi. Kuanzia hapo kila simulizi ya ukoo iliyotolewa mbele ya bwana shauri ilikuwa pia ombi la kazi. Mzee aliyehojiwa alijua kinachotafutwa. Nami ningekuwa yeye, ningeanza hesabu ya mababu upande unaonifaa.

Hapa Ufipa jambo hilo lina ncha kali. Watawala wa dola za Kifipa za Nkansi na Lyangalile walikuwa wa ukoo wa Twa, na kila Mfipa aliyelelewa na bibi anajua kwamba kabla yao palikuwapo Milansi. Simulizi inasema mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda, akamwonya mkewe asimruhusu mtu kukalia kigoda chake. Wakaja wanawake watatu wageni, wasafiri kutoka mbali, wakaomba pa kukaa, na mke akawapa kigoda. Mwenye nyumba aliporudi, nchi ilikuwa imeshapata wenyewe. Wakaelewana: Milansi ikabaki na mlima wake na heshima yake, wageni wakachukua kilichobaki.

Isimulie hadithi hiyo ikulu kwa Mwene wa Twa, nayo ni hati ya kumiliki: walikaribishwa, walipewa, waliapishana. Isimulie Milansi, na unaanza kusikia manung'uniko. Karani wa wilaya aliandika toleo la nani? Kwa kawaida la yule aliyekuwa analipwa na wilaya. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wafipa miaka ya mwanzo ya 1960, aliifanya simulizi hii kuwa nguzo ya kitabu chake cha 1981 kuhusu kuundwa kwa dola ya Ufipa. Nakipenda kitabu hicho kwa namna alivyoitafakari simulizi yenyewe, kwa kuiona kama fikra za watu kuhusu utawala, asiifanye kuwa taarifa tu ya tukio. Lakini naye tumpime: alikuja kuuliza wakati uchifu uko kwenye siku zake za mwisho. Serikali ya Uhuru iliufuta mwaka 1963, yeye akiwa bado kwenye utafiti. Watu wanaopoteza kiti husimulia habari za kiti kwa namna yao.

Ninavyoona, hazina ambayo haijaguswa ni vitabu vya mahakama za wenyeji. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 mahakama hizo zilikuwa na makarani walioandika kwa Kiswahili: talaka, mahari, ng'ombe aliyekula shamba, deni, matusi. Mwanamke alilalamika kwa Kifipa, karani akaandika kwa Kiswahili, na bwana shauri alipopita kukagua alitia maoni yake kwa Kiingereza ukingoni. Maneno ya yule mama yamepita vinywa vitatu. Hata hivyo ni humo, kuliko katika kitabu cha wilaya, ambamo mwanamke wa Ufipa anatokea na jina lake na madai yake, kwa sababu daftari za kodi zilihesabu wanaume na nyumba. Karani aliyeandika hakuna anayemkumbuka. Alikuwa kijana aliyesoma misheni, ana ndugu kwenye baraza, ana hofu ya kufukuzwa kazi. Ningetoa vitabu vitatu vya wapelelezi nipate daftari moja la karani huyo.

Sasa nije kwenye jambo linalotuchosha watu wa Sumbawanga. Ukijitambulisha nchi hii kwamba unatoka kwetu, mtu anacheka kidogo, anauliza kuhusu radi na ungo. Sifa hiyo ya uchawi nayo ina kumbukumbu zake na waandishi wake. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilifungua jalada, na jalada likifunguliwa hutafuta cha kulijaza. Mwaka 1963 na 1964 ilipita Ufipa harakati ya Kamchape, vijana waliozunguka vijijini wakiwanywesha watu dawa na kukusanya pembe na hirizi. Kwa afisa, hilo lilikuwa suala la usalama: mkusanyiko, vitisho, fedha zinazochangishwa. Willis, aliyekuwapo, aliandika makala mwaka 1968 akiitazama kama kijiji kinachojaribu kujisafisha na kuanza upya, tena akaonyesha kwamba mawimbi ya namna hiyo yalishawahi kuja kabla. Matukio yale yale, maandishi mawili. La kwanza liliandikwa ili watu wakamatwe, la pili ili waeleweke. Waandishi wa habari wanaokuja kwetu kutafuta wachawi wanafuata lile la kwanza bila kujua, na wasichokitafuta hawakioni: mahindi, maharage, shule, foleni ya mbolea.

Na kuna yaliyoondolewa. Mwaka 1961, Tanganyika ikijiandaa kwa Uhuru, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alitoa maelekezo kwamba karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali yao zisikabidhiwe kwa serikali mpya. Nyingine ziliharibiwa, nyingine zikasafirishwa. Zilizosafirishwa zilifichwa hadi mwaka 2011, wazee wa Mau Mau wa Kenya waliposhtaki London na serikali ikalazimika kukiri kwamba ina maelfu ya majalada ya makoloni 37, Tanganyika ikiwamo. Mtafiti asome jalada la wilaya akilijua hilo. Namba za kurasa zikiruka, aandike kwamba zimeruka.

Profesa Bertram Mapunda alipotafiti ufuaji chuma Nkansi alikuwa na bahati ya kuwa na kumbukumbu isiyoandikwa na mtu mwenye kalamu: malungu, zile tanuri ndefu za udongo ambazo bado zimesimama porini, na taka za chuma zilizozizunguka. Mapadri na maofisa waliandika kuhusu wahunzi wetu, tena kwa mshangao wa kweli. Lakini tanuri inaweza kupimwa upya na mtu anayekuja na swali jipya, na ikabisha. Nakerwa kuona malungu mengine yanabomolewa kwa jembe la trekta na hakuna anayeulizwa.

Ninachotaka basi ni kitu cha kawaida kabisa. Nakala za karatasi zinazoihusu Ufipa, zilizoko Roma, London na Dar es Salaam, ziwepo Sumbawanga mjini, kwenye chumba kikavu chenye mtu aliyesomea kazi hiyo. Chuo cha Utumishi wa Umma kule Tabora kinafundisha watunza kumbukumbu kila mwaka. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 ipo, na inafungua majalada ya serikali baada ya miaka 30, maana yake karatasi za mkoa wetu tangu ulipoanzishwa mwaka 1974 hadi miaka ya mwanzo ya tisini zingeweza kusomwa leo kama zimetunzwa. Operesheni Vijiji imo humo. Waliohamishwa bado wapo, na wanaweza kubishana na jalada ana kwa ana. Miaka kumi ijayo wengi hawatakuwepo.

Na tunaendelea kuandika. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kijiji kinapaswa kuwa na masjala ya ardhi. Nimeona masjala ambayo ni sanduku la bati chini ya kitanda cha mtu. Mgogoro wa ardhi ukizuka, kama ule wa shamba la Malonje uliosikika hadi ngazi za taifa, kila upande huja na karatasi yake, na kijiji mara nyingi huja na wazee. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ndio ungekuwa karatasi ya kijiji, lakini fungua wowote uone: mwenyekiti alifungua mkutano, agenda zilijadiliwa, wajumbe waliafiki kwa kauli moja. Watu waligombana mpaka jua likazama, na muhtasari unasema waliafiki. Mtendaji ana mkubwa wake wilayani, kama padri wa Kate alivyokuwa na wake Algiers. Namwelewa. Namwomba tu aandike pia nani alipinga na kwa hoja gani, mpaka wa shamba ulitajwa unapita kwenye mti upi, na yule mama aliyesimama nyuma akauliza swali ambalo halikujibiwa aitwe kwa jina lake, na la baba yake, na kitongoji anachotoka.